Komeo la Bunduki Yangu

Nilitaka bunduki ndiyo iwe mbovu. Haki ya Mungu, niliomba iwe mbovu. Tangu Septemba komeo lake, kile chuma unachoinua na kuvuta nyuma ili risasi nyingine iingie, lilikuwa linanishinda. Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa karibu, lakini kulungu si hoja. Mimi ni nesi. Mkono huohuo wa kulia ndio ninaodungia watu sindano, na wiki ile ulikuwa umeangusha bomba la sindano mara mbili. Kama si bunduki, ni mkono. Na kama ni mkono, nimekwisha.

Basi Jumamosi mimi na mke wangu tukatoka nyumbani Brooklyn Center hadi mji wa jirani wa Anoka, kwa fundi wa bunduki, mzee mmoja Mzungu asiye na haraka. Nikamweleza kwa kirefu, kama mtu anayemshtaki jirani. Akasema njia ni mbili: ausugue na kuunyoosha mtambo huu wa kiwandani, yaani komeo na sehemu linamoteleza, abadilishe na springi, au niagize mtambo mpya wa kutengenezwa kwa oda, ambao komeo lake huteleza tu.

"Mpya!" nikasema kabla hajamaliza.

Akanipa mmoja wa maonyesho niujaribu. Mkono wa kulia ukakataa. Nikawapa mgongo, nikaliinua komeo kwa kushoto, nikasema, "Aa, huu ni moto!" Muongo mkubwa mimi.

Mke wangu, nesi kama mimi, alikuwa hajawahi kugusa bunduki. Huichukia hata ikiwa imefungiwa kabatini. Siku hiyo akaisogelea ile yetu ya zamani pale mezani, tupu, akamwuliza fundi ashike wapi. Akaliinua komeo kwa vidole viwili. Akalirudisha. Akaliinua tena.

"Baba watoto," akasema, "lete mkono."

"Wacha mchezo, tuko kwa watu."

"Lete."

Akaweka vidole vyake viwili kwenye kiganja changu cha kulia, vile tunavyowafanyia wagonjwa wanaoletwa mdomo umepinda. Kipimo chenyewe nakijua. Nimekifanya mara ngapi sijui. Fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nikauma meno, nikafinya kwa nguvu zangu zote, mpaka bega likauma.

Mke wangu alikuwa ananitazama usoni, akingoja.

"Haya," akasema, "finya."