Sahihi ya Chakula

Jumatatu, katika ofisi ya maji mjini Nyeri, mama aliyenitangulia kwenye foleni aliweka mtungi mtupu juu ya kaunta. Alitoka Wamagana, ambako mfereji uliojengwa kwa msaada wa wazungu haujawahi kutoa hata tone.

"Lakini hapa inaonyesha mko na maji," karani alisema, akimgeuzia faili. "Hii sahihi si yako?"

Mama aliinama, akaitazama. "Ni yangu. Lakini hiyo nilisainia chakula, siku ya kufungua mradi. Mlisema ati mtu hajasaini hapati sahani."

Karani alifunga faili polepole. "Basi mradi umekamilika, mama."

Wafadhili watasoma kwamba kijiji kizima kilipata maji. Kilipata wali na soda, na hata soda, mama aliniambia tukitoka, haikuwafikia waliokaa nyuma.