Mtoto Aliyelilia Jina

Wanaosema wivu ni wa wake wenza tu hawajaolewa na Mulama. Mimi nilianza kwa kumwonea wivu maiti, kisha nikamwonea mjane wake.

Maiti huyo ni Lusweti, bondia mwenzake Mulama. Mwaka wa sabini na nane walikutana ulingoni katika ukumbi wa mtaa, Mulama akampiga ngumi ya kidevu, Lusweti akaanguka asiamke tena. Wakubwa walisema ni ajali ya mchezo. Mulama aliziacha glavu akarudi soko la Kariokor kutengeneza akala, viatu vya tairi, kwa mikono ile ile iliyoogopwa mtaa wetu mzima wa Mbotela.

Tangu hapo sikuwa na Jumapili. Ibada ikiisha tu, huyo, mbio kwa Nabwire, mjane wa Lusweti. Amchotee maji, amzibie paa, amgongomee kitanda. Na kwangu jiko limevunjika mguu, naliegemeza kwa jiwe!

"Kwani uliua ili uoe?" nilimwuliza siku moja.

Alichukua nyundo yake akatoka. Heri angenifokea.

Kisha nikajifungua mvulana. Alilia mchana kutwa na titi hataki. Mama mkwe alikuja kutoka Bungoma, akamtazama, akasema, "Huyu analilia jina." Kwetu mtoto wa hivyo huitiwa majina ya waliotutangulia, moja baada ya jingine, akisikia lake hunyamaza na kunyonya. Tulimwita kwa majina ya babu zake. Tulimwita kwa jina la marehemu baba yangu, nililolitaka mimi. Kelele tu.

"Mjaribuni kwa jina la Lusweti," Mulama akasema kutoka mlangoni.

"Hapana! Huyo haingii nyumbani mwangu!"

Mama mkwe hakunisikiliza, akaita. Na yule mtoto, haki ya Mungu, akashika titi. Nilimnyonyesha nikilia kwa hasira. Hata maziwa yangu yalikuwa yamekwenda kule kule.

Nabwire naye alikuja kumwona mtoto, na sukari na sabuni mkononi. Nilimpakatisha kwa maringo, maana yeye Lusweti alimwacha bila mtoto.

"Anaitwaje, shemeji?"

Mulama aliinamisha kichwa. "Lusweti."

Nabwire alimrudisha mtoto mapajani mwangu polepole. Alinitazama mimi, si Mulama.

"Mume unaye, Asenath. Mtoto unaye. Mimi nilibakiwa na jina tu, na sasa mtaa mzima utakuita wewe Mama Lusweti."

Macho yale niliyajua. Ndiyo yangu ya kila Jumapili.

Wiki iliyofuata Mulama alipobisha kwake hakufunguliwa, na hajafunguliwa hadi leo. Sasa Jumapili anashinda nyumbani, nilivyotaka. Jiko langu lina miguu yake yote. Mtoto anatambaa, mtundu ajabu, na akilikaribia jiko hilo naita kwa nguvu, "Lusweti!"

Mtoto hageuki. Anayeruka kutoka kitini ni Mulama.