Aliyenipokea Mzigo Njia ya Nyakakika

Siapi mimi. Waongo ndio huapa, tena kwa majina ya mama zao walio hai. Nakuambia tu kwamba jambo hili lilinipata, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na ukiona ni uongo basi tafuna kahawa yako taratibu, ukimaliza uende zako. Sitakasirika. Nimeshazoea.

Wengi wakisimulia mambo ya namna hii huanza na usiku, bundi, mbwa analia. Yangu hayakuwa na bundi. Enzi hizo Mwingereza bado yupo, nami nilikuwa mwalimu kwenye shule ya masista huko kwetu Muleba, msichana ambaye hajaolewa na watu walishaanza kumuuliza kwa nini. Kila likizo nilikwenda Karagwe, kijiji cha Nyakakika, alikoolewa dada yangu. Na kila likizo ugonjwa wangu nao ulifungasha, tukaenda pamoja.

Kipandauso. Unakijua? Kama hukijui mshukuru Mungu, na usinitazame kwa huruma. Watu husema "kichwa kinamuuma", kana kwamba ni kichwa tu. Hiki hupanda. Huanza na kitu kinachometameta pembeni mwa jicho, chenye meno kama msumeno, kinakua polepole mpaka kinameza nusu ya kila unachokitazama. Hapo ningekutazama wewe ningeona jicho moja na nusu ya mdomo. Kisha mwanga unakuwa adui, harufu inakuwa adui, na upande mmoja wa uso unapigwa nyundo mpaka utapike. Shuleni nilikuwa na chumba changu cha giza. Safarini chumba cha giza utakipata wapi?

Nilikuwa na ujanja wangu lakini. Leso nilijifunga kichwani kwa nguvu, fundo likae juu ya mshipa unaopiga. Jani changa la mgomba nililichovya majini nikalibandika kwenye paji la uso. Na kahawa ya kutafuna sikuiacha, nilitembea nayo imefungwa kwenye ganda kavu la mgomba, maana ukiwahi kuitafuna kabla msumeno haujafika katikati ya jicho, wakati mwingine kipandauso hurudi kilikotoka. Wakati mwingine, nimesema.

Siku hiyo hakikurudi. Lori lililonichukua Bukoba lilipakia samaki wakavu na mafuta ya taa, nami nikakaa katikati ya hivyo viwili. Tulipovuka mto pale Kyaka tayari nilikuwa naona nusunusu. Liliponishusha njia panda nilitapika mbele za watu, mwalimu mzima, nikajifuta mdomo, nikachukua sanduku langu nikaanza kutembea. Dada alikuwa ananitegemea siku hiyo.

Njia ile hukata kwenye nyasi tupu, kilima baada ya kilima, bila mti wa kumpa mtu kivuli. Nilitembea nimefumba macho, nafumbua moja kidogo kuona nisitumbukie shimoni, nafumba tena. Hapo ndipo niliposikia sauti ya mwanamke karibu kabisa na sikio langu.

"Nikupokee?"

Wewe ni mtu wa kwetu, unajua. Mwenye mzigo akionekana njiani, anayekutana naye humpokea. Haulizwi jina wala hapewi kitu. Ni adabu tu, na kumkatalia ni kumwambia kwamba umemwona mwizi. Sasa mimi ningejibu nini?

"Nipokee, waitu," nikasema kwa heshima ya kwetu, na jicho sikufumbua.

Mara uzito ukatoka.

Nilipofumbua macho, yalifumbuka yote mawili bila kuuma. Mbele yangu alikuwa anatembea mama mrefu aliyejifunga nguo ya gome la mti, ya zamani, kama waliyovaa bibi zetu. Kichwani, juu ya ngata, alibeba mzigo mkubwa, nao ulikuwa vifurushi vidogo vidogo vimefungwa pamoja kwa kamba za mgomba. Hakugeuka. Nikamfuata. Jua ni lile lile lakini limekuwa laini, nyasi zinalala na kuinuka, na kila kilima kinaonekana kizima, hakuna nusu iliyoliwa. Nililia, nakuambia, kwa raha. Sikujua kwamba watu wengine huiona dunia hivi kila siku na hata hawasemi chochote.

Tulitembea namna hiyo sijui muda gani. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa nusu usingizini, usingizi mtamu wa mtoto aliyebebwa mgongoni.

"Unakwenda kwa nani?" akaniuliza, bado hajageuka.

"Kwa dada yangu."

"Na nani atakupokea mlangoni?"

"Kemilembe, mtoto wake," nikasema, nikacheka. "Huyo hangoji mlangoni. Hunikimbilia mpaka njiani, na mapengo yake."

"Vizuri," akasema. "Napenda watoto wenye adabu."

Tukafika kwenye kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu, wameziba njia. Yule mama akapita katikati yao, nao wakampisha mmoja mmoja. Mchunga wao alikuwa kijana mwembamba, rozari shingoni, akikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mzee, kimekaa kwenye kifua cha kijana. Alivua kofia akainamisha kichwa mpaka mama akapita. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo kijana wa kule hamfanyii mwanamke asiyemjua.

"Dada, umempa nini yule?"

"Sanduku langu. Kanipokea."

"Sanduku si hilo umelishika?"

Nikatazama. Sanduku lilikuwa mkononi mwangu, na vidole vimeshaota alama za mpini. Sikuwa nimeliachia tangu njia panda.

"Mama yangu alikuwa na kikohozi," kijana akasema. "Alikutana na huyu njia ya Bweranyange, akampokea. Mama alifika nyumbani anaimba. Mimi ndiye niliyetoka kumlaki." Akakohoa tena, akafuta mdomo kwa kiganja. "Huyu habaki na cha mtu, dada. Anakusindikiza mpaka kwenu, na wa kwanza kunyoosha mikono ndiye anayetwishwa."

"Na mama yako alisema nini alipojua?"

"Hajui. Sijamwambia. Amefurahi sana."

Sasa nitakuambia jambo, na usinihukumu kama hujawahi kuumwa. Nilisimama pale. Si muda mrefu, lakini nilisimama. Nilikuwa na kipandauso tangu msichana mdogo, na pale nimesimama sina, nasikia hata ndege. Nikawaza, mtoto ana damu changa, labda kwake kitakuwa kidogo tu. Shetani hana haja ya pembe, hutumia akili yako mwenyewe. Lakini Kemilembe alikuwa ndiyo kwanza anajua kusoma, likizo iliyopita nilimfundisha mimi kwa kuandika kwenye vumbi, na akilini nikamwona anatazama herufi zilizoliwa nusu, anajikunja gizani na kuwaomba watu wasipike karibu naye. Nikaanza kukimbia.

Nilikimbia na sanduku linanigonga goti. Yeye anatembea, mimi nakimbia, na umbali uko pale pale. Nikamwita, mama, waitu, subiri. Hakusubiri. Nikalitupa sanduku majanini na bado sikumfikia, mpaka migomba ya shemeji ikaonekana, na katikati ya migomba gauni dogo linakuja mbio.

"Mama mdogo kaja, mama mdogo kaja," Kemilembe anaimba.

Nilipiga kelele asije. Akadhani namwita. Akaniona mimi sina kitu mkononi, akamwona bibi mwenye mzigo mkubwa kichwani. Mtoto aliyelelewa vizuri hufanya nini hapo? Alimwendea bibi. Akapiga magoti, akasema shikamoo, akanyoosha mikono yote miwili.

Yule mama alikuwa amesimama kumsubiri, ndipo nilipomfikia. Nilimsukuma mtoto. Alianguka kwenye shina la mgomba, akaangua kilio, nami nikapiga magoti pale pale alipokuwa yeye.

"Nitwishe mimi," nikasema. "Nimefika."

Hapo nikauona uso wake. Usitegemee nikuambie alikuwa na kwato, au jicho moja. Ulikuwa uso wa mama mtu mzima aliyechoka. Uchovu ule niliujua, maana nimeuona mara nyingi kwenye kioo changu.

"Ulisema mtoto," akaniambia.

"Nilikosea."

Akanitazama. Kisha akautua mzigo wote chini na kufungua kamba. "Chagua wako. Vikishafungwa, mimi mwenyewe sivitofautishi."

Nikapapasa. Kimoja kilikuwa baridi, kingine kinatetemeka, sikutaka kujua kina nini. Viwili vilikuwa vya moto na vinapiga kama mshipa. Kimoja hapo ni changu, lakini kipi? Nikiacha kilicho changu, mama huyu bado yuko mlangoni pa dada yangu na mtoto bado yuko nyuma yangu, analia. Akaanza kukusanya vyake. Nikavikumbatia vyote viwili.

Msumeno ukapita machoni na sikuona kitu tena.

Nilizinduka kwenye chumba cha ndani kwa dada, dirisha limezibwa kwa mkeka. Dada alinisema sana kwa kumsukuma mtoto wa watu. Huyo Kemilembe sasa ni mama, kichwa chake kizima, anasoma hata maandishi madogo ya kwenye dawa, na ule msukumo hajanisamehe mpaka leo. Bibi mwenye mzigo hamkumbuki kabisa. Nami simlazimishi.

Kipandauso changu ninacho. Kikija nakiambia karibu, kaa, wewe nakujua.

Lakini nilichukua vifurushi viwili, umesahau? Kile cha pili huja maumivu yanapoanza kulegea, mwili umekuwa mwepesi na giza limekuwa tamu. Huja mtoto wa kiume, mdogo, hajafika umri wa shule. Hujilaza ubavuni pangu na kuchezea ndewe ya sikio langu mpaka apate usingizi. Najua jina lake. Najua kwamba hakupenda uji wa moto, na kwamba aliogopa jogoo mmoja mwekundu. Halafu nakumbuka kwamba amekufa, na nalia kilio cha mzazi. Mimi sikuwahi kuzaa.

Kwa hiyo kuna mwanamke mahali, Songambele labda, au ng'ambo ya mto, aliyekuwa njiani peke yake na msiba wake, akaulizwa, "Nikupokee?" Akaitikia. Nani angemlaumu? Na alipofika kwake, nadhani, hapakuwa na mtu wa kutoka kumlaki, ndiyo maana kifurushi chake kilikuwa bado kinazunguka. Anapika, anacheka na majirani, anapita karibu na kaburi dogo nyuma ya nyumba na halimwambii kitu.

Miaka mingi nilimtafuta. Niliuliza minadani, niliuliza makanisani, na kila niliyemuuliza alinitazama kama unavyonitazama wewe. Nilitaka kumrudishia kilicho chake, kweli kabisa. Siku hizi siulizi.

Basi sikia nikuonye. Ukiumwa njiani, umwa. Ukitaka kulia, lia, ufike kwenu umevimba macho, wakupokee hivyo hivyo. Uchungu wako usimpe mtu usiyemjua hata ukuchoshe vipi, kwa sababu hujui utalala kwa nani, na huyo naye anaweza kuupenda. Yule mwanamke aliyefiwa akija leo kumuulizia mwanawe, nitamketisha, nitampa maziwa, nitamsikiliza mpaka amalize. Mtoto simpi.