Sauti ya Mama Chini ya Kuvu

Dada yangu Tokie hanunui santuri, anaziwinda. Mimi Ryoji, mdogo wake, nina kibanda cha supu ya tambi karibu na stesheni ya Kanazawa na sina santuri hata moja. Lakini amenikokota kwenye mawindo yake mara nyingi mno, mpaka wauza mitumba wote wa mji huu wananijua kwa jina. Nadhani wananionea huruma.

Kazi yake ni kuhamisha karatasi za dhahabu kutoka ubao mmoja hadi mwingine kwa koleo la mwanzi. Ni nyembamba mno, ukipiga chafya tu mali imepeperuka. Basi wiki nzima dada yangu anabana pumzi, na ikifika Jumamosi, pumzi zote anazimalizia kwangu. "Ryoji! Bado unafunga viatu? Mwanamume mzima, kamba mbili tu zinakushinda!"

Anaishi na mama yetu katika nyumba ya mbao ya wazee. Santuri zake ziko chumba cha chini, pamoja na madhabahu ya marehemu baba, kwa sababu ghorofani sakafu isingezibeba. Zimesimama wima zote, hakuna iliyolazwa juu ya nyingine. Hapa kwetu ni mvua, halafu theluji ya majimaji, halafu mvua tena, na kuvu ni mpangaji wa kila nyumba. Kwa hiyo kila asubuhi Tokie anamwaga kwanza maji ya mashine ya kukausha hewa, ndipo anamwashia baba ubani. Siku moja nilimwambia si heshima, aanze na baba. "Baba haoti kuvu," akanijibu, na mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Akacheka bila sauti. Ujanani mama alikuwa mwongozaji wa abiria kwenye mabasi ya watalii, mwenye kofia na sare, anayesimama mbele kueleza milima na mahekalu na kuimba njia nzima. Alipendwa hata kampuni ikamrekodi santuri ndogo, maelezo na nyimbo, yenye basi jekundu kwenye jalada, ikawagawia wasafiri. Nakala yake ya mwisho alimpa shangazi aliyehamia Brazili. Hatukujali. Sauti yenyewe si ilikuwa hapa nyumbani, ikitugombeza kuanzia asubuhi? Kisha saratani ikaingia kooni, madaktari wakaitoa, na sauti ikaenda nayo. Tangu hapo mama anasema kwa midomo, na akikasirika anapiga meza.

Mwaka jana Tokie aliniambia kitu kilichonikosesha raha. "Maneno ya mama nayakumbuka yote, Ryoji. Ila sauti imenitoka. Naitafuta kichwani, siipati." Nilirudi kwangu nikajaribu na mimi. Sikuipata. Kuanzia siku hiyo nikaacha kulalamika nikiitwa mawindoni.

Jumamosi ile tulikuwa kwa Mzee Ukai, nyuma ya soko la samaki. Santuri za bei ya kutupa anazipanga nje kwenye maboksi, na wanunuzi wanayaita kihori, kama cha kulishia ng'ombe, maana huku kila mtu ameinamia lake na hainui kichwa. Kihori kina adabu yake. Boksi analopekua mwenzio huligusi mpaka aondoke mwenyewe, hata kama nyumba inaungua. Tokie alikuwa ameshika boksi la tatu, na kwenye la nne alisimama bwana mmoja mwenye kofia ya kijivu na glavu, anayepekua polepole kama anahesabu dhambi zake.

Ghafla dada akanikaba mkono. "Ryoji. Usiangalie."

"Nisiangalie nini?"

"Boksi lake. Pembeni. Basi jekundu."

Nikaangalia, bila shaka. Ukingo wa jalada dogo ulikuwa umechomoza, umeota madoa ya kuvu, na juu yake kulikuwa na pua ya basi jekundu.

"Mwombe," nikamnong'oneza.

"Nimwombe? Akijua naitaka, ataitaka!"

Yule bwana akafika. Akaivuta, akaitazama mbele, akaigeuza, akainusa. Tokie akabana pumzi kama yuko kazini. Bwana akakunja uso, akairudisha, halafu akaivuta tena! Nilitaka kumvua kofia nikakimbie nayo, angalau anifukuze. Mwisho akaisukuma ndani, akajifuta glavu, akasogea boksi la tano. Alikuwa hajamaliza hatua dada ameshaingiza mkono.

Mzee Ukai aliishika kwa vidole viwili. "Dada Tokie, hii imeoza. Mimi siijaribu, na pesa sirudishi."

"Mzee, nikikurudishia nikatwe mkono."

Akalipa sarafu moja, tukatembea hatua kumi na mbili za heshima mpaka tukapinda kona. Hapo mwanamke wa miaka hamsini na nane akarukaruka katikati ya theluji ya maji, ameikumbatia santuri. Na mimi nikaruka. Wauza kaa wakatushangilia bila kujua kwa nini.

Nyumbani hatukumwambia mama. Santuri ilikuwa imevaa kuvu kama sufu, mifereji ya sauti haionekani, na kuipiga hivyo ni kuitwanga sindano juu ya uchafu. Tokie alianza kwa brashi laini, kisha maji yenye tone la sabuni, halafu akatoa chupa ya gundi ya mbao.

"Dada, unaitibu au unaizika?"

"Kaa kimya, mpika tambi."

Akaimimina gundi nyeupe, akaitandaza kwa kadi ya zamani ya hospitali kutoka karatasi ya katikati hadi ukingoni, akaacha ukingo mnene wa kushika. Gundi huingia kwenye kila mfereji, ikikauka inageuka kama kioo, na unapoibandua inatoka na uchafu wote. Ikiwa nyembamba au mbichi inakatika, na vipande vikibaki mferejini, hiyo santuri umeiua kwa mikono yako. Aliiweka kwenye kichanja chumba cha jikoni, akamwambia mama ni kazi ya kiwandani, isiguswe.

Kesho yake mchana gundi bado ilikuwa nyeupe kama maziwa katikati. Hewa ilikuwa majimaji. Tulikwenda kununua feni ndogo, na tuliporudi kichanja kilikuwa kitupu.

"Mama! Kile cheupe kiko wapi?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kotatsu, meza yetu fupi yenye hita chini na blanketi kuizunguka, miguu ndani, uso wa mtu aliyefanya jambo la maana. Akainua pembe ya blanketi. Midomo ikasema, na Tokie akaisoma kwa sauti: "Kilikuwa hakikauki. Nimekisaidia."

Ndiyo. Aliiingiza chini ya hita, palepale tulipokausha soksi zetu za shule. Mama kila kitu kilicholowa anakisaidia hivyo.

Tokie alipiga magoti, akaitoa. Santuri ilikuwa ya moto na imepinda, upande mmoja umeinuka kama ukingo wa kofia. Machozi yalimlengalenga, na mama, asiyejua amefanya nini, akaanza kupiga meza kuuliza: nini? Nini?

"Lakini imekauka," nikasema. "Dada, itazame. Imekauka kabisa!"

Ilikuwa imekauka. Weupe wote ulikuwa umekwenda, gundi iko angavu kama barafu. Tokie alisubiri ipoe, akafuta macho, akashika ukingo kwa koleo lake la mwanzi, akabana pumzi. Nami nikabana. Akavuta. Tsss. Robo. Nusu. Mahali palipopinda gundi ikasita, ikanyooka nyembamba, ikataka kukatika. Akageuza mkono kidogo tu. Ikaachia! Ngozi nzima ikatoka kipande kimoja, ya kijivu na chafu, na chini yake santuri ikang'aa nyeusi kabisa. Nilipiga kelele jirani akafungua dirisha.

Kisha akaiweka kwenye mashine ya kupigia santuri. Sindano ilipofika penye mwinuko iliruka. Akajaribu tena, ikaruka tena. "Nipe yeni moja," akasema. Sarafu ya yeni moja ina uzito wa gramu moja kamili, na kila mwenye mashine nchini hapa anajua kazi yake. Akaibandika juu ya kichwa cha sindano. Sindano ikapanda, ikashuka, ikang'ang'ania.

Mikwaruzo kwanza. Halafu mngurumo wa injini, halafu mwanamke kijana, mchangamfu, sauti imejaa kicheko: "Mabibi na mabwana, karibuni sana ndani ya basi letu!" Kwenye mwinuko iliyumba kidogo, ikarudi sawa.

Ni yeye! Niliitambua kabla neno la pili halijaisha, sauti ileile iliyoniita kula, iliyonifokea kwa kuvunja kioo. Tokie alinishika bega akalia waziwazi, na mimi nikalia. Nilifurahi mno.

Mama hakulia. Alikuwa ametoa miguu kwenye blanketi, amesimama, mgongo umenyooka. Midomo yake ilikwenda pamoja na santuri, haikosi neno.

"Na sasa," ikasema sauti, "tafadhali tazameni upande wenu wa kulia."

Mkono wa mama ukapanda, kiganja juu, vidole vimeshikana, ukaelekea kulia bila kuchelewa hata kidogo. Tukageuka sote wawili. Kulia kwetu kulikuwa na friji. Tuliitazama mpaka alipoushusha mkono.