Pindo la Bi Futi

Mimi sikumshauri. Naanza na hilo, maana mji wetu huu wa mlimani una barabara moja na midomo mia, na wapo wanaosema eti seremala ndiye aliyemponza mama wa watu. Uongo mtupu! Nilipoitwa, nyumba alikwisha kuinunua.

Ilikuwa ya marehemu mwenye mashine ya kusaga: vyumba vinne, sakafu ya mbao, bati limeliwa na kutu. Ilikaa miaka bila mtu, ndiyo maana ikauzwa bei ya kutupa. Na mnunuzi nani? Mjane, peke yake, aliyeshona nguo za watu miaka thelathini kule jijini katika chumba cha kupanga. Nilimkuta anapima madirisha kwa futi yake ya kushonea, ile anayoitundika shingoni kutwa nzima. Hapo hapo nikampachika jina la Bi Futi, likamganda.

"Vyumba vinne vya nini, mama?" nikamuuliza. "Unafuga ng'ombe ndani?"

Akacheka. "Wewe fundi hujawahi kushona gauni la mtoto. Mtoto hakatiwi nguo ya kumtosha leo. Unamwachia pindo, akikua unalifungua."

Pindo lenyewe lilikuwa la mwanawe wa pekee, aliyebaki jijini na mke na watoto wawili. Bi Futi alitaka jambo moja tu duniani: wajukuu waje kila shule zikifungwa, walale kwake, wamzoee bibi yao. Nikamtengenezea vitanda viwili vidogo. Akashona mapazia, la bluu chumba kimoja, la njano kingine. Likizo ya kwanza watoto wakaugua. Ya pili gari likaharibika. Ya tatu haikutolewa hata sababu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema; huyu mwenyeji wetu hakuna aliyekuja kumponya.

Msimu wa baridi mwana akafika, peke yake. Nilikuwa barazani nabadilisha ubao uliooza, nikasikia yote. Macho hayana pazia, na masikio hayana kitasa. Alikunywa chai amesimama, koti hakuvua.

"Mama, huku ni mbali. Watoto wamekua, wana mambo yao. Uza, tukutafutie chumba karibu na kwetu."

"Karibu na kwenu, au kwenu?"

Mwana akatazama saa. "Karibu, mama." Kisha akasema ukungu unashuka, bora awahi. Vile vyumba viwili hata mlango hakusukuma. Nilipandwa na hasira, nikagonga ubao mpya mpaka ukapasuka.

Kesho yake Bi Futi akaja karakanani kwangu. "Fundi, nyumba inanipwaya. Baridi yote inatoka vyumba vya nyuma, jiko la makaa halifui dafu. Nipunguzie."

Alitaka mlango wa ukumbini, ule wa kwendea vyumba vya watoto, upigwe misumari, abaki na jiko na chumba cha mbele. Nikaenda na mbao mbili na misumari sita mirefu. Kabla sijaziba, aliingia akanyoosha mashuka ya vile vitanda, akatoka, akafunga mlango. Nikainua nyundo. Akanishika mkono.

"Usipige yote, fundi. Na vichwa usivizamishe. Sisi nguo tutakayokuja kuifumua hatuishoni, tunaishikiza tu."

Nikapiga miwili, vichwa nje. Nilitaka kumwambia, mama wee, kuifumua lini? Nikarudisha misumari minne mfukoni. Ningemwambia nini, mimi ambaye nyumbani kwangu nakula na redio?

Miaka mitatu sasa. Kila shule zikikaribia kufungwa, ananiita niipake mafuta ile misumari, isije ikashika kutu ikagoma kutoka siku ya siku. Sasa jamani, tangu lini msumari ukapakwa mafuta? Hata aliyeanza useremala jana atakucheka. Nimemwambia mara ngapi! Na upweke wake unaniuma, sifichi. Naijua ladha yake.

Juzi kaniita tena. Nikaguna, nikalalamika njia nzima, na chupa ya mafuta mfukoni.