Alama Kwenye Mteremko wa Kutua

Nolberto Segundo Ñancupil Sandoval ni mwana wa Segundo Ñancupil, yule aliyevusha ng'ombe mpakani theluji ikiwa imewafika farasi kifuani, wala asipoteze hata ndama. Ni mjukuu wa Rosario Sandoval, aliyezalisha nusu ya bonde letu kwa mikono yake. Na yeye mwenyewe ndiye mtu wa kwanza wa kijiji chetu, Piedra Parada, kushuka mlima wa theluji amesimama juu ya ubao, ubao aliouchonga kutoka mlango wa zizi. Wakubwa walimcheka. Baadaye watoto wao walimbishia hodi awafundishe.

Tangu mlimani kuwekwe viti vya waya vya kupandishia watu, kazi ya Nolberto ni kujenga matuta ya theluji ya kurukia: yale madogo ya wanaoanza, yanayokomea gotini, na lile moja la mafundi, ambalo ukisimama chini yake shingo inakuuma. Sheria ya huku haikuandikwa popote, lakini hata mlevi anaijua. Aliyejenga tuta ndiye anayeliruka kwanza. Akishatua salama, huchomeka tawi kule juu alikoanzia, ili wengine wajue mwendo unaotosha. Alama ya ubao wake kwenye mteremko wa kutua ndiyo ruhusa.

Msimu mmoja Nolberto alikuwa anakaribia sitini, na nyonga aliyoivunja mwaka uliotangulia ilikuwa ikimwamsha bado. Jumamosi asubuhi alipanda juu peke yake, akaifunga miguu kwenye ubao, akajiachia. Alipokaribia mdomo wa lile tuta la mafundi, moyo ukamruka kabla yake. Akavunja mwendo, akaanguka kando kama gunia la viazi. Akapanda tena. Mara ya pili hakufika hata nusu ya njia.

Huko chini viti vilishaanza kuzunguka, watu wanakuja. Nolberto akatazama huku na huku. Akachomeka tawi kwa kukisia tu. Kisha akateremka kwa miguu hadi mteremko wa kutua, akakalia ubao, akaubonyeza kwenye theluji kwa uzito wake wote na kuuburuta kidogo. Ikatoka alama safi kabisa. Akafuta nyayo zake kwa reki.

"Mjomba Nolbe, umesharuka?" aliuliza Custodio, mwendesha viti.

"Nimesharuka."

"Mbona sikukuona?"

"Utanionaje, na pua umeizamisha kwenye kikombe cha chai ya yerba?"

Custodio akacheka, akaondoa kamba iliyofunga njia.

Aliyetangulia alikuwa Ailén, binti wa dada yake Nolberto, aliyeshikwa mkono na mjomba huyo huyo tangu matuta ya gotini, na sasa hana mpinzani bonde zima. Aliliona tawi, aliiona alama, akaanzia pale pale. Lakini theluji ya usiku ilikuwa inanata. Mtu aliyeruka kweli angeihisi miguuni. Nolberto alikuwa amejaa hofu, hakuhisi kitu. Mwendo haukutosha. Ailén hakuufikia mteremko, aliangukia ukingo mgumu, na Nolberto aliusikia mfupa wa mkono kabla ya kumsikia mtoto mwenyewe.

Kibandani kwa Custodio walimfunga mkono kwa vibao vya sanduku, wakingoja gari la wagonjwa.

"Nisamehe, mjomba," Ailén alisema, midomo imempauka. "Nimekuharibia tuta lako. Nadhani nilivunja mwendo bila kujua."

"Ndio vijana hawa," Custodio akadakia. "Mzee ana nyonga ya mabati, katua kama paka. Wewe una magoti mapya, unatua kama friji."

Watu wakacheka, hata Ailén mwenyewe. Mmoja akampa Nolberto sopaipilla ya moto, andazi la huku, na kumpigapiga begani. Aliishika, inamchoma vidole, asiile wala asiiweke chini. Mtoto amevunjika, naye ndiye anayeomba radhi.

"Sikuruka," alisema.

Hakuna aliyesikia. Ikabidi arudie, na kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema.

"Lile tuta sikuliruka. Niliogopa. Ile alama niliibonyeza kwa makalio."

Kuna aliyeanza kucheka, akanyamaza katikati. Custodio aliinamia kikombe chake. Ailén alimtazama mjomba wake, na Nolberto akashindwa kuyakabili macho yale, akatazama vibao vya mkono.

"Ungeniambia, mjomba. Ningelipima mimi, kidogo kidogo."

"Niliona aibu."

"Mbele yangu mimi?"

Alimwambia Custodio akairudishe kamba, kisha akavuta kigoda hadi karibu na kichwa cha yule binti.

"Mfupa ukiunga, kuruka kwanza ni kazi yako. Mimi nitajenga tu. Kamba haitoki mpaka useme wewe."

"Na nikiogopa?"

"Uniambie. Nitachukua sepetu nilipunguze tuta."

"Watu wakiwa wamepanga foleni?"

"Wakae kwenye foleni. Wewe usiruke."