Bakuli kwa Mikono Miwili

Kila asubuhi, katika chumba cha mgonjwa mmoja, nilikigeuza kiti cha mbao kitazame dirisha. Kila mchana, nikirudi na chakula, nilikikuta kimegeukia mlango. Mzee mwenye chumba hakuweza kutembea. Hata kujigeuza kitandani hakuweza. Kazi hiyo ilikuwa yetu sisi wahudumu.

Niliwauliza wenzangu. Hakuna aliyejua. Msimamizi wetu, nesi Mkenya asiyeishiwa utani, alinicheka.

"Dada, hao ni watu wa usafi. Ama siku hizi unaogopa viti?"

Nikacheka naye. Lakini watu wa usafi walipita asubuhi, kabla yangu.

Hiyo ilikuwa katika mji wa Golden Valley, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, miaka michache baada ya mimi na wadogo zangu kuletwa huku ughaibuni kutoka kambi ya wakimbizi. Ilikuwa Januari. Theluji ilikuwa imepanda hadi usawa wa madirisha, na mwanga wa mchana uliingia mweupe, bila kivuli, hata vitu vya chumbani vikaonekana kama vimesogezwa kidogo kutoka mahali pake.

Mzee alikuwa Mchina, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya maneno yote, na sasa alikuwa ameacha kula. Ukimpelekea kijiko, alifunga mdomo na kukuangalia. Jumatatu binti yake alikuja kutoka Lakeville, akazungumza na daktari, wakakubaliana kwamba hatalishwa kwa mpira wa kupitishia chakula tumboni. Asipokula hadi Ijumaa, atahamishiwa kwenye chumba cha wanaongoja kufa.

Aliyekuwa akimlisha ni mimi. Kila bakuli lililorudi limejaa nililibeba mimi, kupita mbele ya wenzangu wote.

Binti alinikuta namfuta mzee uji kidevuni. Akaketi ukingoni mwa kitanda, si kwenye kile kiti.

"Kiti hicho kilikuwa cha mama," aliniambia. "Alipofariki, baba aliendelea kumwekea bakuli mezani. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba watu wa kale wa Uchina waliwahudumia waliokufa kana kwamba wapo. Basi na yeye akafanya hivyo."

Nikamuuliza kama ndicho alichofundisha maisha yake yote, mabakuli ya wafu.

"Hapana," akatabasamu. "Alifundisha utu. Kulikuwa na mwalimu wa zamani sana aliyeamini kwamba kila mtu huzaliwa na heshima ndani yake. Hakupewa na mfalme, kwa hiyo mfalme hawezi kuichukua. Ndiyo maana hata ombaomba anayekufa kwa njaa hatapokea chakula akisukumiwa kwa mguu."

Nilichukua bakuli nikatoka. Niliingia kwenye stoo ya mashuka, nikajifungia humo.

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka tulipomzika mama njiani, mahali ambapo leo siwezi kupaonyesha kwenye ramani. Baba alikuwa ameshatangulia. Nilibaki na wadogo watatu. Kambini, siku moja, mgawa uji alichoka na kelele za foleni. Zamu yangu ilipofika, akaliweka bakuli chini vumbini, akalisukuma kwa kiatu. "Okota," akasema. Watu walikuwa wanatazama. Niliinama nikaokota. Wadogo zangu wakala uji ule. Mimi sikuuonja, lakini niliokota.

Jioni ile, tukila nyumbani Saint Paul, nilimuuliza mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa anasoma chuo, kama anamjua yule mwalimu wa kale wa Uchina.

"Namjua, yaya," akasema, kwani kwetu yaya ni dada mkubwa. "Tulimsoma."

"Na mwenye wadogo watatu je? Alisema afanye nini?"

Akaacha kutafuna. Alikuwa mdogo sana siku ile, lakini niliona kwamba anakumbuka.

"Ukurasa huo sijafika, yaya," akasema. Kisha akaniongezea ugali bila kuniangalia.

Sikulala vizuri. Jumatano nilijitazama nikifanya kazi. Niligonga mlango huku nimeshaufungua. Nikasimama juu ya mzee, nikamwelekezea kijiko mdomoni, nikamwambia kwa Kiingereza, kama tulivyozoea wote, "Mtoto mzuri, fungua mdomo." Yeye aliyefundisha watu wazima. Aliniangalia, nami nikakiona kile kiatu. Safari hii kilikuwa mguuni mwangu.

Alhamisi nilisimama nje ya mlango uliofungwa. Nikasema, "Hodi." Nikangoja.

Msimamizi akapita na kigari cha dawa. "Wewe! Watu saba hawajala, na umesimama hapo kama mtu amekuja kuposa? Huyo mzee haongei, dada. Nani atakujibu?"

"Nangoja tu kidogo."

"Ngoja basi. Wakikataa mahari, niite."

Akaenda. Nikasema tena, "Hodi." Ndani, mbao ikagongwa mara mbili, taratibu, kwa vifundo vya vidole.

Niliingia. Mikono ya mzee ilikuwa chini ya blanketi, kama nilivyoikunja mwenyewe asubuhi. Kiti kilikuwa kimegeukia mlango. Hakukuwa na mtu mwingine.

Kanisani kwetu, chumba cha namna ile huombewa ili pepo watoke. Miguu ilitaka kurudi. Lakini nilikuwa nimebisha hodi na nimeitikiwa, na kwetu mtu aliyeitikiwa haondoki mlangoni. Nilipiga goti kama ninavyompigia mkubwa wangu, nikamnyooshea bakuli kwa mikono miwili. Mzee alilitazama, akatazama kiti. Hakula.

Ijumaa mchana nilileta mabakuli mawili.

Nilibisha, nikangoja, nikajibiwa. Bakuli la kwanza nililipeleka kwenye kiti. "Shikamoo, mama," nikasema, nikijua kwamba simsalimu mama mmoja tu. Nilipoliweka, mkono wangu uligusa mto wa kiti. Ulikuwa na joto, kama mahali alipokuwa ameketi mtu.

Sikukimbia. Niligeuka, nikapiga goti kando ya kitanda, nikanyoosha bakuli la pili.

Blanketi likatikisika. Mikono ya mzee ikatoka, myembamba, ikalipokea bakuli pande zote mbili. Nililishikilia kwa chini tu. Alikunywa uji polepole, akipumzika, akinywa tena, mpaka nusu. Halafu akaacha, akanitazama nilivyopiga goti, akalirudisha bakuli kwangu. Sikuelewa. Akalisogeza tena, kwa mikono miwili, usawa wa kinywa changu.

Kazi hairuhusu kula chakula cha mgonjwa. Nilipokea kwa mikono miwili, nikanywa. Ulikuwa umepoa, hauna chumvi, na sikumbuki chakula nilichowahi kupewa hivyo tangu mama afe.

Mlango ukafunguliwa ghafla. Msimamizi alikuwa na karatasi za kumhamisha mzee mkononi. Aliona bakuli, akaona uji midomoni mwa mzee na mwangu. Utani wote ukamtoka usoni. Akarudi nyuma, akaufunga mlango polepole.

Kisha, kutoka nje, nikamsikia. "Hodi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mzee alikuwa amefumba macho, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye bakuli. Nyuma yangu, mbao ya kiti ikagongwa mara mbili.